Mama Kidebe Aliponyamaza

Siku ninayotaka kuwasimulia imekaa kichwani mwangu na watu wake wote, basi niwataje kwanza. Tulikuwa nyuma ya nyumba ya Mama Ayebare, kule Biharwe, pembeni ya mji wa Mbarara. Wanawake tulikuwa wengi, lakini wenye habari hii ni hawa. Nilikuwapo mimi, Wabiwa, mama wa marehemu Mapendo. Alikuwapo Sifa, mtoto wa huyo Mapendo, mjukuu wangu, ninayekaa naye Nakivale, kambi ya wakimbizi, tangu tulipotoka Fizi, kule Kongo, nikiwa nimembeba mgongoni. Alikuwapo Mama Ayebare mwenyewe, mke wa Afande Mugume wa kambi ya jeshi. Huyo nilijuana naye zamani alipokuwa na duka la mitumba Rwekubo, mji mdogo wa karibu na kambi yetu. Nilikuwa nikimletea maharage, tukapendana mpaka leo. Alikuwapo Aneti, jirani yake, mke wa askari pia, mtu wa Gulu, mwenye kicheko cha kufukuza ndege mtini. Na alikuwapo mama mkwe wa Mama Ayebare, mzee kuliko mimi, ambaye wote walimwita Kaaka, ndiyo nyanya kwa lugha yao. Halafu alikuwapo na mtu mmoja ambaye hakuna aliyemwona isipokuwa mimi: Mama Mukubwa Feza, dada mkubwa wa mama yangu, ambaye tulimzika kijijini kabla Sifa hajazaliwa. Utaona mwenyewe alivyoingia.

Mwanangu unayechora, na wewe unayeandika, nakuandikia wewe. Shule yangu ni ndogo. Masista walinifundisha kusoma jina langu na Zaburi kidogo, mengine nilijifunza kwa kuchungulia juu ya mabega ya watoto wangu. Kwa hiyo usihangaike na makosa ya herufi. Na uniwie radhi nikienda polepole, nimechoka, na habari yenyewe ni ya kuchoka.

Sifa anachora hadithi za picha. Alianza akiwa mdogo, kwa mkaa, juu ya maboksi ya sabuni. Alipopata karatasi na biki nzuri, hizi kalamu za wino, akamzaa mtu wake, Mama Kidebe. Mama Kidebe ni mwanamke wa soko la Base Camp, hapo hapo Nakivale, anapima unga kwa kidebe, na akimaliza kupima anakivaa kidebe hicho kichwani kama kofia. Hamwogopi mtu. Polisi akija anamjibu. Mchungaji akija anamjibu. Mume wake akirudi na maneno matamu anamuuliza kwanza, "Na kuni ziko wapi?" Sifa alikuwa akibandika kurasa zake kwenye ukuta wa saluni ya Esperansi, pale sokoni, na wanawake waliokuwa wakisukwa walisoma mpaka msusi akawaomba watulize vichwa. Wengine walipiga picha kwa simu, zikaenda. Niliwaona watu wasiojua kusoma wakisomewa, wakishika mbavu. Wengi waliniuliza, "Mama Wabiwa, huyu si weye?" Nilikataa. Lakini ni mimi kidogo.

Basi umaarufu ukaja, na watu wakaja nyuma yake. Mchungaji alitaka picha za Nuhu kwa watoto wa Jumapili. Watu wa afya walitaka Mama Kidebe anawe mikono, kisha alale ndani ya chandarua, kisha apeleke mtoto chanjo. Mwenye bucha alimtaka ukutani akiwa ameshika paja la mbuzi. Vijana wa mpira walimtaka kwenye jezi. Kila mmoja alikuja na neno lile lile, "Sifa, ka desini kadogo tu," yaani kapicha. Na Sifa hakujua kusema hapana. Mtoto aliyelelewa kambini anajifunza mapema kwamba mtu akikuita, unakwenda, hujui kesho nani atakuita tena.

Mimi niliona, lakini sikuona vizuri. Nilifurahi mjukuu wangu anatafutwa. Ila nilianza kugundua kitu. Yule Mama Kidebe aliyekuwa akiwajibu wakubwa, sasa alikuwa anasema yale wakubwa wanayotaka aseme. Naweni mikono. Njooni kanisani. Nyama ni ya leo. Ni maneno mazuri yote, sisemi ni mabaya. Lakini hayakuwa yake. Hata watu wa saluni waliacha kucheka, wakawa wanasoma na kuitika tu, kama mtu anayesikiliza tangazo.

Ndipo mzee mmoja mwenye duka la kuchapa, pale Mbarara mjini, alipomtumia Sifa ujumbe. Alisema, lete hadithi nzima ya huyo mama, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, kabla shule hazijafunguliwa, nitaitoa iwe kitabu. Mwanangu, siku ile tulicheza. Nilicheza na magoti haya haya. Kitabu! Mtoto wa Mapendo awe na kitabu!

Mwanzo ulikuwapo. Katikati kulikuwapo. Mwisho haukuja.

Sifa alikaa mbele ya karatasi asubuhi, nikarudi shambani nikamkuta amekaa, chai imeota ngozi juu. Kesho yake hivyo hivyo. Alikuwa akichora kidebe, akichora uso, akichora kile kiputo cha maneno juu ya kichwa, halafu kiputo kinabaki cheupe. Akawa anaosha biki zake kama mtu anayeosha vyombo vya mgeni ambaye hakuja. Nilidhani ni malaria. Tukaenda kliniki, wakamchoma kidole, wakasema hana kitu. Siku moja nilikuwa napepeta maharage, akaja akakaa karibu yangu.

"Koko," ndivyo anavyoniita, "Mama Kidebe amekufa."

"Nani amemuua?"

"Hakuna. Ananyamaza tu. Minamuchora, anafungua kinywa, hakuna kitu inatoka."

"Labda ana njaa."

"Koko, usinichekeshe. Niko nachoka."

"Lala basi."

"Ninalala. Ninaamuka na ule uchovu unashaamuka mbele yangu."

Nikaendelea kupepeta. Uchovu wa jembe mimi naujua, nimeishi nao, unaulaza na unalala. Huu wa Sifa ulikuwa mwingine. Nilijua niliwahi kuuona mahali, lakini sikukumbuka ni wapi, na mimi si mtu wa kusahau. Nawakumbuka hata mbuzi wa baba yangu kwa majina.

Kufika wiki ile ya sherehe ya Mama Ayebare, aliyekuwa anamtoa binti yake kwa wakwe kwa desturi yao, Sifa alifunga biki zake zote ndani ya kipande cha kitenge. Akaniambia, "Koko, tutaenda pamoja. Weye unaenda kwa sherehe, miye naenda kwa mzee ya mashine. Nitamwambia hapana. Na hizi biki nitaziacha kwake, mwenye anazitaka achukue. Nikirudi tutalima na weye."

Kulima si aibu, mwanangu. Nimekula jasho la jembe maisha yangu yote. Lakini nilimtazama macho nikaona kwamba hakuwa anaenda kwenye jembe. Alikuwa anaiacha ile kazi tu, na mahali pengine pa kwenda hakuwa napo. Sikubishana naye. Nilisema tu, "Tuanze Biharwe. Mjini tutapita tukirudi." Nilikuwa nanunua siku moja, sijui ya nini.

Tulifika Mama Ayebare akiwa katikati ya kazi. Kesho yake wageni wanakuja, na wageni wa huko hawali bila matoke, zile ndizi za kupika. Mikungu ilikuwa imelala nyuma ya nyumba kama kikosi kilichochoka, na wanawake wameketi juu ya majani ya migomba, kila mmoja na kisu chake, mikono imepakwa mafuta ili utomvu usigande. Wengine watu wa hapo, wengine wake wa askari kutoka kila pande ya Uganda, kwa hiyo maneno yalikuwa Kiswahili chao kile cha kambi, ambacho mimi nakipenda kwa sababu hakiogopi makosa.

"Banange!" Mama Ayebare akainuka, akanikumbatia kwa viwiko ili asinichafue. "Mama Wabiwa amefika! Na hii ndiyo ile mutoto ya Mama Kidebe!"

Visu vyote vikasimama.

"Wewe ndiyo nachora?" Aneti akapiga kelele. "Wewe! Mimi nasomanga kwa simu ya bwana yangu, nacheka peke yangu, mpaka yeye nauliza, nani natumia wewe maneno? Ebu chora mimi. Sasa hivi. Lakini punguza hii tumbo."

"Wacha tumbo yake," akasema mwingine, "hiyo ndiyo atatambulikana nayo."

"Chora bibi harusi!"

"Chora Afande na kofia yake, ile anavalanga mpaka kwa kitanda!"

"Ninyi munajua aje yeye navalanga nini kwa kitanda?" Mama Ayebare akauliza, na hapo kicheko kikaruka mpaka kuku wakakimbia.

Sifa akatabasamu. Nalijua lile tabasamu, ndilo alilowapa mchungaji na mwenye bucha. Akafungua kitenge, akachukua biki, mtu akampa kipande cha karatasi juu ya sinia. Akaweka ncha ya biki kwenye karatasi. Ikakaa pale. Haikwenda juu, haikwenda chini. Wino ukaanza kuenea, tone likawa kama shilingi. Wanawake wakangoja.

"Ai," Aneti akasema, "kumbe sisi ni wabaya hivi mpaka kalamu inagoma?"

Wakacheka tena. Alikuwa anatania tu, Mungu shahidi, hakujua. Lakini macho ya Sifa yalijaa machozi, na ndipo Mama Mukubwa Feza alipoingia. Nikakumbuka wapi niliuona ule uchovu. Niliuona kwangu mwenyewe.

Kwetu Fizi, mavuno ya mihogo yakiingia, wanawake walimenya pamoja, leo kwa huyu, kesho kwa yule, mchana kutwa, kabla ya kuiloweka. Na mahali pa kumenyea palikuwa na sheria moja. Anayesimulia anaweka kisu chini. Akiweka kisu, wote wanamsikiliza na wanammenyea sehemu yake. Akimaliza anashika kisu chake, na mwingine analaza chake. Hakuna anayelaza kisu mara ya pili kabla visu vya wengine wote havijalala. Hata asiyejua kusimulia, hata mwenye kigugumizi, zamu yake ikifika analaza kisu, anasema hata aliota nini.

Nilikuwa msichana, sijaolewa, na nilikuwa na kinywa. Nikisimulia fisi, watoto walijificha nyuma ya mama zao. Basi msimu ule wanawake wakaanza kuiba sheria. "Weka kisu, Wabiwa." Nimemaliza, nashika kisu, "Ee-ee, kiweke tena, utupe ile ya bibi arusi na nyoka." Wale wasiopenda kusema walifurahi kupumzika, mimi nilifurahi kupendwa. Nyumba kwa nyumba, walikuwa wananiita hata kwenye nyumba zisizo za ukoo wetu. Hadithi zikaanza kupungua, nikazinyoosha. Niliongeza fisi wawili palipokuwa na mmoja. Niliongeza kelele. Ilifika wakati nasikia sauti yangu inasema na mimi niko mbali naitazama, kama unavyotazama mtu anayepita barabarani.

Halafu siku ya kumenya kwa Mama Byaombe, mjane aliyekaa ng'ambo ya kijito, nilipoambiwa weka kisu, nikakiweka, nikafungua kinywa, na hapakuwa na kitu. Si kwamba nilisahau hadithi. Hadithi zilikuwapo. Lakini zilikuwa kama maganda, ndani hamna muhogo. Wanawake wakasema, "Haya, tunangoja! Ile ya fisi!" Nikakaa natazama kisu.

Mama Mukubwa Feza akainuka. Alikuwa mfupi, jicho moja lina ukungu, anatembea kama mtu anayeenda kutenganisha ugomvi. Akakiokota kisu changu, akakiweka kiganjani mwangu, akanifunga vidole mwenyewe.

"Menya."

Kisha akawageukia wale wanawake. "Munamukamua huyu mutoto kama mbuzi moya ya kijiji muzima. Nani kati yenu alimupatia majani? Kisu yake inashalala leo. Jana ikalala. Juzi ikalala. Sasa bilale bisu ya bengine."

"Lakini Feza," mmoja akasema, "siye hatujue kusimulia."

"Njo mutajifunza."

Nikasema, "Mama Mukubwa, miye nataka."

Akanitazama na lile jicho zima. "Unataka nini? Makofi? Makofi unakula?"

Nilidhani ananionea wivu, nikaliona jicho lake bovu kuwa ndiyo sababu. Nilimenya machozi yakidondokea mihogo. Na wao wakaanza kusimulia, loo, vibaya namna gani! Mama Byaombe alilaza kisu akasimulia habari ya jembe lake lililopotea. Alianzia mwisho, akarudi mwanzo, akasahau, akarudia. Jembe lilikuwa limechukuliwa na shemeji yake, na yeye alilitambua kwa mpini, akanyamaza, akaenda kuliazima. Shemeji akamwazima jembe lake mwenyewe. Kila msimu anakwenda kuliazima, na shemeji anamwambia, "Ulirudishe likiwa safi."

Nilikuwa namdharau. Halafu sikujua ilikuwaje, kisu changu kikasimama chenyewe, nikasikia nauliza, "Halafu? Huyo shemeji, alijua kama unajua?"

Mama Byaombe akasema, "Hata leo sijui, mwanangu. Njo maana naenda kila msimu, namtazama uso."

Mama Mukubwa Feza alinitazama tu, akaendelea kumenya. Msimu wote ule sikulaza kisu ila kwa zamu yangu, na mara nyingi kwenye zamu yangu nilisema niliota nini. Baadaye sana, jembe la Mama Byaombe lilikuwa limeota miguu ndani yangu, likaja kutembea lenyewe. Lakini hiyo ni habari nyingine.

Sasa rudi na mimi Biharwe. Niliinuka, kwa shida, magoti yangu mnayajua. Nikaitoa biki mkononi mwa Sifa. Nikachukua kisu kilichokuwa karibu, nikamwekea kiganjani, nikamfunga vidole.

"Menya."

"Koko, hawa banamama bananingojea."

"Bangoje."

Mama Ayebare akakunja uso kidogo. "Mama Wabiwa, mbona unakasirika? Sisi tunaomba tu kapicha kadogo."

"Kila mtu anaomba kadogo, mama. Hivyo vidogo ndivyo vimemmaliza." Nilisema polepole, maana nilikuwa kwake, nakaa juu ya majani yake. "Huyu mtoto leo hachori. Amekuja kama mgeni. Tangu alipoanza kuwapa watu hadithi, hakuna aliyempa yeye hata moja. Hata mimi. Mpeni."

Nikawaeleza sheria ya kisu, kwa maneno machache. Mmoja akasema sisi hatuna hadithi, tuna mambo tu. Nikasema leteni mambo.

Aneti ndiye aliyelaza kisu wa kwanza. Akajifuta mikono kwenye jani.

"Sawa. Mimi nasema moja. Bwana yangu alipelekwa kazi ya mbali, mwaka ile mutoto yangu Akello alikuwa nanyonya. Nyumba yetu ilikuwa ya mwisho, nje ya quarters za askari. Mimi naogopa wezi. Basi nafanya nini? Nachukua buti yake ile ya zamani, kila jioni napaka matope, naweka kwa mlango. Mwizi akikuja yeye nafikiri mwanaume iko ndani. Asubuhi naosha, jioni napaka tena."

"Ulikuwa na akili," akasema Mama Ayebare.

"Akili ilinitesa! Majirani wakaanza, eh, Aneti amepata mwanaume. Anaingia usiku, anatoka alfajiri, na iko na miguu kubwa! Maneno ikapanda basi, ikafika Gulu. Nikaona mama mukwe amefika, na fimbo, hata hajanywa maji. Yeye nasema, yuko wapi? Mimi nasema, nani? Yeye, yule ya miguu kubwa!"

Wanawake walilala chini kwa kucheka. Hata Kaaka, ambaye hakujua Kiswahili, alicheka kwa kuwaona. Mimi sikumtazama Aneti. Nilimtazama Sifa. Ndizi ilikuwa mkononi mwake, nusu imemenywa, kisu kimesimama.

"Halafu?" Sifa akauliza. "Ule mama mukwe akafanya aje?"

Aneti akaacha kucheka. "Nilimuonyesha buti. Nilimwambia, mama, hii ni ya mutoto yako. Yeye akaangalia sana. Akakaa chini kwa mlango. Halafu akachota matope na mikono yake, akapaka hiyo buti, vizuri, mpaka kwa kamba. Akaweka. Tukaingia ndani tukalala."

Aneti akashika kisu chake. Mama Ayebare akalaza chake, akasema jinsi binti yake anayemtoa kesho alivyokuwa akila udongo akiwa mdogo, na kwamba hilo hatawaambia wakwe. Kaaka akalaza chake, akasema kwa Kinyankore, kirefu, bila mtu wa kutafsiri, mikono inaonyesha ng'ombe mwenye pembe pana anayekataa kuvuka maji. Sifa alimsikiliza mpaka mwisho. Zamu yake ilipofika alinitazama, nikamwambia aseme aliota nini. Akasema hajaota siku nyingi. Wakamkubalia, wakaendelea. Mikono yake ikawa myeusi kwa utomvu kama yetu.

Sasa usidhani palikuwa na muujiza. Baada ya sherehe tulikwenda mjini kwa mzee wa mashine. Sifa akasimama mbele yake akasema mwisho haujapatikana, na hajui lini. Yule mzee si mtu mbaya. Akakuna kichwa. "Mutoto yangu, mimi nangoja wewe mpaka lini? Mashine hailali." Nafasi ile akawapa watu wa kalenda. Kitabu kikaondoka hivyo, kwa dakika ambazo mtu anakunywa maji.

Tulipotoka nje Sifa alikuwa na kile kitenge mkononi, biki ndani yake. Nikangoja. Nilijua nikisema kitu nitaharibu. Alitazama mlango wa duka, akatazama kitenge. Halafu akakiweka kwapani.

"Twende, Koko. Magari ya Rwekubo yatajaa."

Nyumbani mimi ndiye niliyekaa mlangoni. Mchungaji alikuja, nikamwambia amelala. Mwenye bucha alikuja, nikamwambia amelala. Watu wa afya walikuja, wakaniuliza, "Huyu analala saa zote?" Nikasema ndiyo, na wakimwamsha nitawachora mimi. Sifa alikuwa akienda kuchambua maharage na wanawake wa mtaa wetu, anakaa, anasikia. Siku nyingine alirudi mtupu kama alivyokwenda. Siku nyingine alilia bila sababu. Mvua zikaja, zikaisha. Sitakudanganya kwamba ilikuwa rahisi, wala kwamba mimi sikukata tamaa.

Halafu mchana mmoja nilikuwa naanika mihogo, akaniita ndani. Karatasi ilikuwa mezani. Mama Kidebe alikuwa ameketi chini, amekivua kidebe kichwani, amekiweka kando. Mkononi ana kisu, na mapajani maganda. Mbele yake kuna mlango uliofungwa, na kwenye mlango buti mbili kubwa zenye matope mpaka kwenye kamba. Kinywa cha Mama Kidebe kimefungwa. Nilimwona amezeeka kidogo. Na juu ya kichwa chake, kiputo kimoja, kidogo, chenye neno moja tu: "Halafu?"

Nilikaa kitandani. Nikamwambia Sifa buti ya kushoto ameifunga vibaya. Akaniambia nimwachie buti zake.

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hiyo, na niiseme wazi ili usiseme bibi alizungukazunguka. Ukiona mkono wako umegoma, usiupige, na usiwape biki zako wapita njia. Jiulize ni lini mtu alikupa wewe hadithi, ni lini uliuliza "halafu" ukitaka kujua kweli. Laza kisu zamu yako tu. Wakikuambia kiweke tena kwa sababu unajua kuliko wengine, kataa, hata wakinuna, hata akiwa mchungaji. Nenda ukae na watu wanaosimulia vibaya, uwe na kazi ndogo mikononi, umenye, uchambue, usiende kuwaibia maneno, nenda kupumzika kati yao. Pengine utapoteza kitu kwa kungoja. Sifa alipoteza kitabu, na mpaka leo hakijatoka, na siku nyingine ule uchovu unarudi kumtembelea. Ukija anaujua, anatafuta kisu. Na wewe uliye karibu na mtoto wa namna hiyo, usingoje mpaka biki igome mbele ya watu ndipo uone. Kaa mlangoni pake. Sema amelala.

Mungu akupe mikono isiyochoka bure, na ikichoka akupe watu wa kukumenyea sehemu yako. Akupe sikio kabla ya kinywa. Kazi yako ikue mpaka imshinde aliyeizaa, na siku utakayonyamaza, pasikosekane mtu wa kukuambia, "Menya," kwa upendo.

Nimeandika kama ninavyokumbuka. Aneti, ukisomewa haya, kama mwanao aliyekuwa ananyonya hakuwa Akello bali yule anayemfuata, niambie. Na kama yuko mtu wa kwetu Fizi aliyekuwapo siku ile ya kumenya kwa Mama Byaombe, ambaye anajua kama lile lilikuwa jembe au panga, na kama yule shemeji alijua, tafadhali anisahihishe. Niko Nakivale, ulizeni nyumba ya Sifa anayechora. Mkiambiwa amelala, ingieni tu, ni mimi niliyesema.